Mjane wa Kikorea kwenye Matanga ya Mabawe

Hapa Mabawe kuna watu mpaka leo wakiniona napita wanaulizana kwa sauti kama yule mjane wa kwenye runinga ameshakamatwa, na mimi nacheka nao maana nikinuna watazidisha, lakini ngoja niwasimulie mwenyewe, kwa sababu aibu ikisimuliwa na mwenye nayo inakuwa na mkia mfupi kidogo.

Mimi ni fundi nguo, na ugonjwa wangu ni tamthilia. Za Kikorea, za Kichina, za Kihindi, zote zile zilizotiwa sauti za Kiswahili. Na siangalii tu, nahukumu (nani kanipa kiti cha hakimu, sijui). Wahindi mtu akipata habari mbaya wanamwonyesha uso mara tatu na radi inapiga humo humo sebuleni. Wachina wa mapanga, mtu kachomwa kifuani lakini anaongea mpaka maharage yanaiva. Wakorea ndio ninaowaheshimu, Mkorea akilia pua inatangulia, uso unavimba, unaona kabisa huyu kafiwa. Shida yangu ni majina yao, hayakai kichwani, kwa hiyo mimi nawaita tu yule mama, yule mkwe, yule daktari.

Basi siku ya kumaliza matanga ya Mzee Sebastiani nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi na Adela, rafiki yangu wa kuangalia naye. Marehemu aliumwa muda mrefu na daktari wa zahanati alikuwa akija kumtibu nyumbani. Mkewe, Mama Kulwa, ni Msukuma aliyeolewa kutoka kule Kaniha, Biharamulo, na ndugu wa mume (tusifichane) hawakuwahi kumzoea. Tangu siku ya mazishi walikuwa wananong'ona kwamba hakulia vya kutosha. Nilizisikia hizo nong'ono, ndiyo maana nilipaswa kufunga mdomo.

Sasa Adela, ambaye jana yake umeme ulimkatikia, akaniuliza ile tamthilia yetu imefikia wapi. Ningemwambia asubiri turudi nyumbani. Nikaona nimdokezee kidogo tu.

"Yule mjane mwongo," nikasema. "Analia macho makavu, na udongo wa mume haujakauka. Kumbe ile supu, daktari ndiye aliyetia sumu, na huyo mama alijua."

Adela akaguna, akasema huyo daktari yeye alimtilia shaka tangu mwanzo. Hatukumwona Teopista, dada wa marehemu, kasimama nyuma yetu na sufuria anasubiri ndizi. Tulishtukia tu kaitua sufuria anaondoka, nikadhani kakumbuka jambo.

Ndizi zikaiva, nikaonja, nikatangaza kwamba hazina chumvi hata kidogo, wapishi wenzangu wakakubali. Kwa hiyo nilipoitwa mbele, chini ya turubai ambako ukoo wote umekaa, nilijua ni habari ya chakula. Mzee Barnaba, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa katikati. Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Mwanangu, yale uliyoyasema jikoni ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Hata wenzangu wameona."

Akauliza nani mwingine anajua, nikamtaja Adela. Nikaona watu wameinamisha vichwa, nikawahurumia, nikaongeza kwamba wasilikuze, jambo lenyewe linarekebishika.

"Sumu," akasema Mzee Barnaba taratibu, "inarekebishikaje?"

Hapo ndipo nilipomwona Mama Kulwa, pale mkekani, ameinua uso ananiangalia. Nikaanza kueleza, kwamba ni tamthilia, kwamba mjane ni Mkorea, kwamba daktari naye ni Mkorea, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo. Mzee akauliza kwa nini basi sikutaja majina yao, nikasema hayanikai kichwani. Teopista akasema nimeshatishwa, ndiyo maana nageuza maneno.

Aliyeniokoa ni Adela, alikuja na simu akaitafuta sehemu yenyewe. Wazee wakaiinamia. Matanga yametulia, katekista aliyekuja kuongoza sala kafunga kitabu chake, na ile sauti nyororo ya kwenye simu inasema, "Kunywa supu, mume wangu, upone." Nilitamani ardhi inimeze pamoja na cherehani. Mzee Barnaba aliangalia mpaka mjane akafika kaburini, ndipo akarudisha simu na kusema ukoo hauna kesi. Kisha (naye ni binadamu) akasema huyu mwanamke wa kwenye simu kweli hajui kulia. Wengine wakacheka.

Mama Kulwa hakucheka. Alisema bila kupaza sauti, "Mimi nililia wakati anaumwa, nikimgeuza kitandani. Nyinyi mlikuja kuniangalia siku ya mazishi."

Teopista alijifunika kanga usoni. Mzee Barnaba alisimama, mzee yule mwenye goti bovu, akaenda mpaka kwenye mkeka, akamwomba radhi shemeji yake kwa niaba ya ukoo. Mimi nilimfuata nikapiga goti. Mama Kulwa alinishika mkono, akaniambia niende nikapakue chakula, watu wana njaa.

Tamthilia bado naangalia, siwezi kuwadanganya, na bado nahukumu. Yule wa kwenye runinga kulia ni kazi yake, akilia vibaya nitasema. Lakini msibani siku hizi namenya ndizi kimya, na aliyefiwa akilia au asipolia, mimi macho yangu yako kwenye kisu.