Hela ya Bibi Melania na Kopo la Chumvi

Nakumbuka asubuhi ile nyumbani kwetu Ifakara, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Juzi uliniuliza sarafu zako za zamani uzihifadhi wapi, na kabla sijafungua mdomo ukajijibu mwenyewe, eti utazifungia tu mahali pagumu basi yaishe. Ndiyo maana nimekuita. Kaa, chai yako hiyo, nisikilize.

Miaka ile ya tisini nilikuwa kijana mwenye nguvu na mdomo. Nilikuwa nanunua samaki pale Kivukoni, kambale na perege, nawatia chumvi, nawaanika, nawapeleka sokoni. Samaki wangu walikuwa hawaozi. Wateja walinisifu, na sifa, mwanangu, humlewesha mtu asiyekunywa. Nikajiona fundi wa kuhifadhi kila kitu kilichoko duniani.

Basi nilikuwa na ugonjwa wa kukusanya sarafu. Nilikuwa nazo senti za tundu za wakati wa Mwingereza, nyingine niliuziwa na wakulima wa Michenga waliozifukua kwa jembe wakitayarisha mashamba ya mpunga. Wenzangu walinicheka: "Deo, hizo hata kiberiti hazinunui!" Nami nilicheka nao. Lakini moja haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa hela ya shaba ya Mjerumani, nyembamba, yenye taji upande mmoja, nayo ilikuwa ya bibi yangu Melania, mama yake mama.

Kwa ukoo wetu jina la marehemu haliokotwi kama kuni. Mtoto anayelirithi huwekewa kiganjani kitu alichokishika marehemu mwenyewe, na mtoto wa kumzaa marehemu ndiye anayelitamka. Sasa vitu vya bibi vyote mto ulivichukua mwaka wa mafuriko, ikabaki hela ile tu. Mama mkubwa Fransiska, dada yake mama, alitoka nayo Malinyi imefungwa kwenye kipande cha khanga kuukuu, akanikabidhi. "Itunze," akasema. "Ukipata mtoto wa kike, nitakuja mwenyewe kumpa jina la mama yangu."

Nikaanza kutafuta pa kuiweka. Sanduku la mbao? Mchwa wa kwetu hawana adabu. Chini ya godoro? Mwizi huanzia hapo hapo. Nikiifukia chini, mto ukija nitakwenda kuidai kwa nani? Nikapiga kifua, nikachukua kopo la bati la maziwa ya unga, nikalijaza chumvi yangu ya samaki, nikazipanga sarafu zote humo, na hela ya bibi nikaiweka katikati kabisa, mahali pa heshima. Kile kipande cha khanga nikakitupa jalalani. Mfuniko nikauziba kwa nta ya mshumaa, kopo nikalipandisha darini.

"Kilichokaa kwenye chumvi hakiozi," nikamwambia mke wangu Agata. "Muulize kambale."

"Kambale tunamla, mume wangu," akanijibu. "Hatumwachi darini miaka."

Nikamwona mwanamke hana analojua. Kijana akijua jambo moja huona amejua yote, na mimi nilikuwa kijana hasa.

Masika yakapita, na mengine yakapita. Unajua chumvi yenyewe kwa unyevu wa bonde hili, hata jikoni asubuhi unaikuta imeloa. Mimi sikupanda darini hata siku moja. Wahenga walisema akiba haiozi, nikawaamini kwa sehemu iliyonipendeza.

Agata akajifungua mtoto wa kike. Furaha iliyoje! Mama mkubwa akaja kutoka Malinyi na wazee wawili wa ukoo. Tukatandika mkeka, juu yake shuka jeupe jipya, mtoto akalazwa hapo. Nikapanda darini kifua mbele. Niliposhika kopo nikahisi kitako kinakwaruza na kina majimaji. Lakini watu wamenikodolea macho, ningesema nini? Nikashuka nalo, nikaliweka kwenye shuka kando ya mtoto, nikaanza kubandua nta.

Kitako kikaachia. Mungu wangu! Likamwagika tope, mwanangu, tope la kijani lenye kutu nyekundu, linanuka chuma, likatambaa kwenye shuka jeupe kumfuata mtoto. Nilibaki nimeshika mfuniko tu. Mama mkubwa, mzee wa watu asiyeweza kuinuka bila mkongojo, aliruka akamnyakua mtoto. "Mwondoeni! Hiyo ni sumu!" Agata akapiga ukunga, na majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa.

Nikapiga magoti nikapekua tope kwa vidole. Senti za tundu zilikuwa zimeng'ang'aniana bonge moja. Hela ya bibi nikaikuta katikati yake, mahali pale pale pa heshima. Nikaivuta taratibu, naomba kimoyomoyo. Ikakatika. Kipande kilichobaki mkononi kilikuwa kama ganda la kidonda, taji halipo, maandishi hayapo. Nililia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

"Kile kitambaa kiko wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Nilikitupa, mama. Nilidhani chumvi..."

"Mama yangu aliifunga hela hii kwenye pindo la khanga tangu usichana wake. Khanga ikilowa, aliihamishia pindo kavu. Kila siku aliigusa, aliijua hali yake. Wewe umeitendea kama samaki. Samaki adui yake ni funza. Shaba adui yake ni huyo huyo uliyemfungia naye ndani!"

Wazee walimsihi alitamke jina hata hivyo. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. "Jina la mama yangu halipokelewi kwa mkono mtupu. Mpeni mtoto jina jingine." Tukampa jina la mama yake Agata. Mama mkubwa alifariki kabla hatujapata mtoto wa pili, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho mwenye haki ya kulitoa jina lile. Hakuna Melania katika ukoo wetu, mwanangu. Wajukuu wangu wote unaowaona hapa, hakuna hata mmoja. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Usiulize kwanza mahali pagumu. Uliza kwanza kitu chako kinauawa na nini, ndipo uchague mlinzi wake, maana kikulacho ki nguoni mwako. Sarafu inauawa na unyevu, chumvi na jasho la mikono yako hiyo. Kila moja ifunge peke yake kwenye kitambaa kikavu cha pamba au karatasi safi, zisigusane. Usizisugue kwa majivu na ndimu ili zing'ae, utafuta sura zake. Bati likipata kutu linazila, na mfuko wa nailoni kwenye joto hili unatoa jasho. Masika yakiisha, zifungue uzitazame. Na mkeo au mama yako akikutilia shaka, usimcheke. Kuuliza si ujinga. Mimi niliona aibu kuuliza juu ya shaba kwa sababu nilijua samaki.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe macho ya kutazama mapema, akulindie ulichoachiwa na waliokutangulia, na siku mwanao atakaponyoosha kiganja chake, uwe na cha kuweka humo.