Barafu Iliyobaki

Mpishi wa kambi ya kanisa letu la Kaloleni ana sauti ya chini na mikono mipana, iliyopasukapasuka kwa kushikashika barafu. Chakula chetu hukaa ndani ya trela ndogo, kwenye kasha la barafu analolifunika kwa magunia mabichi. Jua likihama, naye huisukuma trela ifuate kivuli. Nyama huigusa kwa mgongo wa kidole, kisha huinusa bila haraka.

Mwaka huu, kule Naivasha, joto lilizidi na barafu ikaanza kutuishia mapema. Nilikuwa nimekuja na mjukuu wangu Tiffany, pamoja na chupa za maziwa aliyojikamua mama yake, aliyebaki mjini kazini. Maziwa mengine mtoto huyo huyatema. Mpishi akanijia hemani. "Shosho, lete maziwa ya mtoto." Akaitoa nyama yote kashani, akazilaza chupa zangu katikati ya barafu iliyobaki.

"Na karamu ya Jumapili?" akauliza Mzee Ndirangu, kiongozi wetu.

"Nyama tunachoma leo. Jumapili tutakula maharagwe," akajibu huku akiwasha makaa.

Nilimshukuru huku machozi yakinilenga. Jioni, wenzetu walipokuwa wakila, yeye aliketi mlangoni mwa trela akimtazama Tiffany akinyonya chupa niliyompashia, mpaka akashiba, akasinzia. Ndipo mpishi akaenda kunawa mikono, naye akala.