Mtu Mzima Akikimbia Kilimatinde

Kwetu Kilimatinde mtu mzima hakimbii. Watoto hukimbia, mbuzi hukimbia wakiona shamba la mtu halina mlinzi. Mtu mzima akionekana anakimbia, basi kuna aliyekufa au nyumba inaungua. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilipojiandikisha kwa mbio zangu za kwanza za masafa marefu, kilomita hamsini za njia za milimani huko Kaskazini, sikulifikiria kabisa. Nilifikiria viatu.

Nilivipata mnadani Manyoni, vya mtumba, soli ngumu yenye meno. Asubuhi ya kwanza nikatoka kabla ya jua, nikashika njia ya kisimani inayokwenda kwenye mteremko wa bondeni. Mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja akaniona. Akatupa ufagio, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kulia kwa sauti. Wote kijijini walijua kwamba naishi na baba yangu, kwamba moyo wake umetanuka, na kwamba daktari ametuonya: akibanwa pumzi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kwa hiyo waliponiona nakimbia, walijua mzee ameondoka. Niliporudi nikakuta wamejaa uani, na baba kakaa katikati yao na bakuli la uji wa mtama, anawashukuru kwa kuwahi mazishi yake.

Alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, na siku ile niliwauliza watu wazima kama wamekosa kazi ya kufanya mpaka wanatafuta maiti.

Baba ndiye aliyenisaidia. Kwenye mkutano wa kitongoji aliomba nafasi, akasimama na fimbo yake. "Mkimwona binti yangu anakimbia, mpisheni. Ni mazoezi. Mimi sijafa." Watu wakacheka, na tangu siku hiyo wakanizoea. Kisimani wakawa wananitania: "Mwalimu, huyo unayemkimbiza mbona hatumwoni?" Au: "Mume hapatikani kwa mbio, mwalimu!" Nami nikawajibu jeuri, nikapita.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na raha yoyote. Kushuka kuliniua magoti, kupanda kulinitapisha. Kucha mbili za miguu zikawa nyeusi, zikang'oka. Miiba ilinichana miguu hadi wanafunzi wakauliza nimepigana na nani. Lakini kilichonitesa zaidi ni kwamba kila Jumamosi, nikiwa kule chini bondeni, baba alikuwa juu peke yake. Niliogopa. Kuna jioni nilimwambia naacha.

"Ukiacha nitajua umekaa kunisubiri nife," alisema. "Nenda."

Nikaenda. Mbio zikakaribia, nikaongeza safari za kupanda na kushuka.

Jumamosi moja nilirudi nimeishiwa nguvu kabisa, nikamkuta baba sakafuni, mgongo kauegemeza kitandani, midomo imebadilika rangi, anatafuta hewa. Alinitazama, hakuweza kusema. Nilijaribu simu, mtandao haukuwepo. Nikamwekea mto mgongoni, nikatoka mbio kwenda kwa mwenye gari karibu na soko.

Kisimani walinipigia makofi.

"Leo mwalimu ana mbio za mwizi!"

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimetoka kupanda mlima, pumzi yote ilikuwa miguuni. Kilichotoka kilikuwa "Baba", tena kwa sauti ndogo, nao wakacheka wakanipungia. Mbele nikakutana na kijana wa bodaboda. Nilimpungia mikono yote miwili. Akasogeza pikipiki pembeni, akanipigia honi ya kunitia moyo, akaenda zake. Sijawahi kukimbia vile, na sidhani nitakimbia tena vile. Mwenye gari aliponiona nimeshika mlango wake siwezi kuongea, naye alitabasamu kwanza.

Gari lilipofika nyumbani hapakuwa na mtu wa kupeleka hospitali. Baba alikuwa ameinamia upande mmoja, na mto umeanguka. Nilipolia, ndipo watu wakaja.

Mbio za Kaskazini zilifanyika mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba. Wanawake wa kisimani walipika, walichota maji, walilala na mimi, na hakuna aliyeweza kunitazama usoni. Sikuwasaidia. Nilikuwa na uchungu, nikawaacha wainame.

Kisha akaja yule kijana wa bodaboda na mfuko wa sukari. Akavua kofia, akachuchumaa mbele yangu.

"Pole, mwalimu," akasema. "Mwalimu, mimi nilikupisha njia."

Nilimchukia saa ile, nilimchukia sana, huku najua kwamba alifanya alichoambiwa na marehemu mwenyewe.

Nikampokea sukari. Nikamwambia akae, ugali unapakuliwa.