Wasifu wa Mwalimu Mong'ina

Firdaus hajui kutulia. Hata akila, hula amesimama, jicho moja kwenye printa, na wateja wa saiba yake mjini Kisii humtania kwamba kiti chake hakijawahi kupata moto. Kazi inayomlisha ni kuchapa programu za mazishi: picha ya marehemu juu, ratiba, wasifu, kisha watoto kwa majina. Amewachapia watu wa Itumbe mpaka Nyamarambe, na bado huwalilia marehemu asiowajua.

Ijumaa hiyo, saa mbili asubuhi, alikuwa na kazi ya Mwalimu Mong'ina wa Manga, nakala mia tatu. Bosire, mtoto wa marehemu, alikuwa ameipitisha jana, na angezichukua saa nne gari likitoka mochari. Printa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kunguruma alipoingia mwanamume wa miaka hamsini na kitu, koti limelowa umande, flashi mkononi.

"Simamisha hiyo kitu, dada. Mimi naitwa Omwenga. Umeandika watoto saba hapo. Sisi ni wanane."

Firdaus akaisimamisha. Omwenga akajieleza bila kupumua. Mama yake, ndiye huyo Mwalimu Mong'ina, alimzaa kabla ya kuolewa, akaja naye Manga akiwa wa kubebwa mgongoni. Baba aliyemkuta huko alimlea vizuri, lakini alipofariki, ndugu wakaanza kumwita mgeni. Sasa Mwalimu, baada ya kustaafu, aliandika wasifu wake mwenyewe kwenye kompyuta. Kompyuta ilipoanza kusumbua, fundi mmoja wa Nyamira akakusanya kazi zake zote katika faili moja. Faili hiyo, iliyokuwa kwenye flashi, Omwenga hakuwahi kuifungua.

"Kwa nini?"

"Na kama hata yeye hakuniandika?"

Firdaus akaichomeka flashi, moyo ukimdunda kana kwamba mama ni wake. Akaikuta faili yenyewe, jina lake linaishia kwa ISO. Akaibofya. Kompyuta ikamwomba CD tupu ili imwage vilivyomo. CD aitoe wapi, zama hizi? Basi mkono ukafanya ulichozoea, maana katika saiba ile kila kitu, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, sharti kiwe PDF. Akafuta ule mwisho wa jina, akaandika PDF. Kompyuta ikamjibu kwamba faili imeharibika.

"Imeharibika?" Omwenga akaikamata meza kwa mikono miwili.

"Ngoja, baba. Haraka zangu hizi." Jasho lilimtoka na aibu ikamshika. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Akalirudisha jina kama lilivyokuwa, kisha akafanya jambo la ajabu: akakaa kitini. Akafikiri. Hii si karatasi, ni diski nzima iliyohifadhiwa kama faili. Haigeuzwi kuwa kitu kingine, hupachikwa tu, nayo kompyuta huiona kama diski iliyotiwa ndani ya mashine. Akabonyeza upande wa kulia wa kipanya, akachagua amri ya kuipachika. Kwenye orodha ya diski ikaongezeka moja. Ndani yake mlikuwa na mitihani ya darasa la saba, nyimbo za kwaya, na waraka ulioitwa Maisha Yangu.

"Soma wewe," Omwenga akasema, akageukia ukuta.

Firdaus akasoma: "Nilijaliwa watoto wanane. Wa kwanza ni Omwenga. Nilikuja naye Manga, na atakayenizika bila kumtaja, hajanizika mimi."

Omwenga akalia kwa sauti, mtu mzima vile. Firdaus naye akalia, huku analiandika jina la Omwenga juu ya yale saba. Alijua mwenye kazi ni Bosire, na Bosire angeweza kumvunjia heshima mbele ya mji mzima. Akapiga moyo konde, akaanza upya nakala zote mia tatu.

Saa nne Bosire akaingia, akafunua nakala ya juu. "Nani amekuambia uandike hivi?"

"Marehemu," Firdaus akasema, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

Bosire akasoma. Akarudia kusoma. Nje gari lilipiga honi. Omwenga alikuwa amesimama mlangoni, ngumi zimekazwa, tayari kwa lolote. Bosire akalibeba boksi la programu, akapita karibu naye bila kumtazama usoni.

"Utapanda mbele, kwa gari ya mama," akamwambia. "Hapo hukaa mtoto wa kwanza."

Kisha akatangulia kwenda kuliondoa koti lake kwenye kiti hicho.