Siku Bibi Alipokula Mgebuka

Bibi yangu mzaa mama aliishi Ujiji zaidi ya miaka ishirini bila kuonja samaki. Mtu wa Kigoma akisikia hivyo atacheka, maana hapa hata paka ana maoni yake kuhusu dagaa na mgebuka. Na kazi ya Bibi ilikuwa dagaa hao hao. Kila asubuhi alikwenda mwaloni Katonga kuwaanika, akarudi jioni akinuka ziwa, akatupikia sisi samaki, kisha akala maharage yake chumbani, mlango umefungwa. Akiulizwa, alisema samaki wanamvuruga tumbo.

Ukweli aliniambia mimi peke yangu, siku moja akinisuka. Kule milimani, ng'ambo ya mpaka, alikuwa mke wa mwami, yaani mfalme. Kwao samaki alikuwa chakula cha wasio na ng'ombe, na malkia haonekani akitafuna. Mapinduzi yalipofika, mumewe aliuawa ndani ya ua wake mwenyewe. Bibi akavua bangili, akambeba mama yangu mgongoni, akashuka kwa miguu hadi Kagunga na kujiandikisha kuwa mkulima.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "walionitafuta kule wana ndugu huku. Usimwambie mtu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitunza siri ile miezi miwili, na kwa mdomo wangu hiyo ni mingi.

Kisha mwalimu akatufundisha mapinduzi ya nchi jirani. Akasema wafalme na malkia walikuwa kupe, walinyonya damu ya wakulima. Hasira zikanipanda, nikasimama bila kunyoosha mkono.

"Bibi yangu alikuwa malkia, na hakumnyonya mtu! Mpaka leo hali samaki!"

Darasa zima liliangua kicheko. Wanasema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Jumamosi nilimsindikiza Bibi Katonga. Habari zilikuwa zimeshatutangulia. Wanawake wenzake wakampigia magoti kwa utani: "Shikamoo Malkia, dagaa wetu hawakunukii vibaya?" Bibi alicheka nao, akaendelea kutandaza dagaa. Nami nikacheka, nikidhani yamekwisha.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akichoma samaki pale pembeni akaacha jiko lake akaja. Alitoka milima ile ile ya Bibi, na hakuwa anacheka.

"Baba yangu alifia kwenye ua wa mwami," alisema. "Alichapwa mpaka akafa, kwa sababu ya ndama aliyepotea. Kama wewe ni umwamikazi, niambie hapa hapa."

Bibi alinitazama mara moja tu. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Malkia wa wapi, dada? Mtoto huyu anaota."

Yule mama akarudi jikoni, akaja na mgebuka wa moto mkononi. "Basi kula."

Bibi akala. Alikula amesimama, mbele ya mwalo mzima. Alitafuna ngozi, akatema miba, akalamba vidole, akaomba na pilipili. Nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Yule mama alimkazia macho mpaka kikabaki kichwa tu, kisha akainama na kusema, "Nisamehe, dada. Nimekufananisha." Akarudi kwenye moto wake.

Njiani Bibi alikwenda nyuma ya ukuta akatapika kila kitu. Nililia, nikamwomba msamaha, nikamwambia yule mama ni mwongo na mkatili. Bibi akajifuta mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Hakusema uongo," alisema.

"Baba yake ulimjua?"

"Ndama alikuwa wangu. Mimi ndiye niliyekwenda kumshitaki kwa babu yako. Na siku ya pili ndama akarudi mwenyewe."

Tulitembea hadi nyumbani. Nilijaribu kukumbuka nilivyosimama darasani, na sauti niliyotumia kusema hakumnyonya mtu.

Jumamosi iliyofuata Bibi alikwenda mwenyewe kwenye jiko la yule mama, akanunua mgebuka, akamla palepale mbele yake. Alifanya hivyo kila Jumamosi mpaka miguu ilipokataa kumfikisha Katonga. Yule mama alikuwa akimchagulia mnono kuliko wote, akisema hajapata kuona mteja anayependa samaki wake namna ile.