Dada wa Spea Kuukuu

Dada anayeniuzia spea kuukuu hataji bei kabla hajakipangusa kifaa. Atakisugua kwa kitambaa, atapitisha kidole gumba ndani, atakinusa, ndipo aseme kiasi huku akitazama pembeni, kana kwamba bei ni ya mtu mwingine. Mwaka mzima nimekuwa nikiifufua pikapu yangu uani, kipande kwa kipande, na kwa kila kipande nimemkaba koo. "Kaka, wewe hata ukipewa bure utaomba upunguziwe," husema, akacheka hadi akohoe, kisha akapunguza. Taa, kabureta, bawaba za milango, vyote nilivibeba kwa bei yangu.

Siku ya pampu ya breki nilijichagulia ya bei rahisi. Akapitisha kidole gumba ndani, akakitoa, akapitisha tena.

"Gari unauza au unapanda?"

Nikamwambia atakayepanda kwanza ni mama yangu, kwenda kliniki, na njia yenyewe ni mteremko mtupu. Akaitupa ile pampu nyuma yake, kwenye vyuma vya kuyeyushwa.

"Ndani imechimbika. Haiuziki, hata kwako."

Akanipa nyingine, ghali. Nilipofungua kinywa akaniwahi: "Kwenye breki sipunguzi, kaka. Kanune nyumbani."

Nilinuna palepale, nikalipa. Shukrani ilikuja juzi, tuliposhuka ule mteremko na kukuta lori limekwama katikati ya njia. Nilikanyaga mara moja, pikapu ikatii. Mama, kando yangu, hata hakuamka.