Namba Nne ya Timu ya Pili

Mama alipokata kamba ya balo la mitumba, chumba chetu katika mtaa wa Mabanga kilijaa harufu ya kabati za watu tusiowajua: sabuni ya maua, unyevu, na dawa ya nondo iliyokwisha kufa pamoja na nondo wenyewe. Mimi nilikuwa wa kwanza kuchungulia, si kwa ushujaa, bali kwa kuwa nilikuwa nyumbani. Daima nilikuwa nyumbani. Wenzangu walikwenda ziwani kuchota maji wakarudi na habari za mji mzima, mimi nikabaki kupepea makaa. Kaka yangu Bahati aliniita Figa, akidai mafiga ya jikoni yametembea kuliko mimi. Wahenga husema mkaa bure si sawa na mtembea bure, huenda akaokota. Siku ile niliokota bila kuvuka kizingiti: ndani ya balo zilitoka jezi kumi na tatu za kijani kilichopauka, na katikati yake kitabu chembamba cha picha, kwa Kijerumani.

Jirani yetu Papa Salumu, aliyewahi kuwa dereva wa mapadri wa Kijerumani, alisoma jalada tu. "Ni historia ya timu ya pili," alisema. "Ile ya akiba. Bale banangojaka ba kwanza baumie." Akaahidi kusoma yaliyobaki akipata miwani, wiki hiyo hiyo akahamia Bukavu. Vijana wa mtaa wakagawana jezi, kisha wakanijia mimi, niliyeanza sekondari juzi tu, niwaambie nani alizivaa kabla yao. Kusema sijui kuliniwia vigumu kuliko kujifunza Kijerumani. Nikafungua kitabu, nikapitisha kidole chini ya mistari kama padri, nikatunga. Wenye masharubu walikuwa waasisi. Mnene aliyeshika mpira alikuwa kipa na mwokaji mikate. Palikuwa na ukurasa usio na picha, majina tu yaliyopangwa, mengine yakiwa na msalaba mdogo pembeni. Majina hayo niliyalinganisha na jezi: mstari wa kwanza jezi namba moja, na kuendelea.

"Figa, na huyu wa nne?" Bahati aliuliza. Jezi yake ilikuwa namba nne.

"Huyo hakuumiaka hata siku moja. Alicheza miaka kumi."

"Na hii musalaba?"

"Ni bao."

"Beki? Alifunga namna gani?"

"Na kichwa," nikasema bila kupepesa jicho. Wakacheka, wakaridhika.

Msimu ule vita vilishuka kutoka milima ya Masisi. Barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani, wengine wakatua pale Lac Vert juu ya mawe meusi, wakajenga vibanda vya majani. Mmoja wao alituletea habari kwamba Koko, mama yake Mama, alibaki Sake kwenye uwanja wa kanisa, miguu imegoma. Baba alikuwa safarini Kisangani na njia zilikuwa zimemfungia huko. Bahati alikuwa na miaka kumi na saba, umri ambao askari wa kila upande waliupenda kwa kubebesha risasi. Asubuhi nzima Mama alimkatalia kwenda kumchukua Koko. Kisha wakanong'onezana uani, sijui nini, na Mama akamfungia viazi vitamu. Kaka akatoka na jezi yake ya kijani.

Siku mbili zilizofuata, mabomu yalisikika upande wa Sake kama mtu anayeangusha magunia ya maharage, moja baada ya jingine. Mama aliosha chungu kisichokuwa kichafu. Mimi nilirudi kwenye kitabu changu kutafuta faraja, na kwa mara ya kwanza nikakitazama bila hadhira. Misalaba ilikuwa kwenye ukurasa ule mmoja tu. Picha ya kabla yake ilikuwa na wanaume wazima. Ya baada yake, vijana wadogo, macho yamewatoka. Nililelewa na Wakatoliki, msalaba pembeni ya jina niliujua tangu makaburini. Wale wa akiba waliitwa kweli, ila vitani, si uwanjani. Na mstari wa nne ulikuwa nao. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu niliiona imefika Sake. Nikala robo ya ugali wangu, jambo ambalo nyumbani kwetu lilihesabiwa kuwa ugonjwa.

Siku ya tatu, mchana, Bahati aliingia akisukuma chukudu la kuazima, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, Koko ameketi juu yake akiyatukana mawe ya barabarani. Nilimvuta kaka nyuma ya jiko, nikamwaga yote: Kijerumani, misalaba, mstari wa nne. Akaniangalia, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"We Figa, unafikiri nilikuaminiaka? Jezi nilivaa juu ya baridi, hapana juu ya kitabu chako." Akajipangusa kope. "Ila Mama, nilimuambia vile ulisomaka, kama numero yangu haiumiake. Yeye njo aliamini."

Leo simu yangu inasoma Kijerumani kwa dakika moja, na barabara ya Sake imerudi kujaa magodoro. Bado sitoki, watu hunipigia wakidhani mkaa nyumbani ana habari zote. Mama amezeeka, na mjukuu wake, mtoto wa Bahati, yuko huko na pikipiki yake. Juzi Mama aliniuliza kama kijana atarudi salama.

"Sijui, Mama."

Alisonya, akageukia ukuta. Zamani ningemtungia kitu, naye angelala.